Kikombe cha Ambrose Yelland

Kwa miaka kumi na tisa, kila jioni ya kiangazi, Ambrose Yelland aliketi nyuma ya dirisha la jikoni kwake huko Devon, Uingereza, taa imezimwa, kamera imelazwa juu ya mfuko wa njegere kavu. Nyegere walipenya chini ya ua wa miti aliouinamisha na kuusuka kwa mikono yake, wakaja kula karanga alizowamwagia kwenye nyasi. Si hawa wetu wanaopasua mizinga. Wale ni wapole, uso mweupe wenye mistari miwili myeusi. Jike mmoja mwenye sikio lililokatika, marehemu mkewe Hester alimwita Mama Mchungaji, kwa mwendo wake.

Zamani kijiji kizima kilijua shimo lao liko wapi, na hakuna aliyelitaja. Mgeni akiuliza, ulitazama juu ukasema mvua inakuja. Waliowinda nyegere kwa mbwa waliondoka mikono mitupu.

Kisha akaja Bibi Luscombe, katibu wa maonyesho ya maua na mboga ya kijiji, yaliyokuwa pia na shindano la picha.

"Ambrose, kila mwaka naletewa picha za paka na machweo. Nimechoka na machweo! Lete nyegere wako."

"Si wangu."

"Basi kaa nao. Paka wa Bibi Gidley atakushinda hata hujashindana."

Hilo lilimchoma. Akachagua picha ya Mama Mchungaji. Kanuni ilitaka kila picha iandikwe mahali ilipopigwa, la sivyo inatolewa. Ambrose hakuwahi kuvunja kanuni ya maonyesho, hata ya urefu wa karoti. Akaandika kwenye kadi ya picha, kwa mwandiko wake mzuri: *Nyuma ya nyumba yangu, Lower Combe.*

Akashinda. Akapewa kikombe cha fedha akae nacho mwaka mmoja. Kijana mmoja aliyehamia majuzi aliipiga picha ile, na kadi yake, kwa simu.

"Mzee, hii lazima dunia nzima iione!"

Ambrose akacheka. Alidhani ni namna ya kusema tu.

Siku ya tisa aliamka akakuta ua umekatwa kwa msumeno. Nyuma yake shimo limefukuliwa, alama za buti na za mbwa zimetapakaa, damu imekauka kwenye majani. Polisi walikuja, wakaandika, wakaenda. Bibi Luscombe alileta keki.

"Si kosa lako, Ambrose."

"Kalamu ilikuwa ya nani?"

"Mungu wangu, ungejuaje?"

"Baba yangu angejua. Hata mjinga wa kijiji, enzi zile, angejua." Akamrudishia keki yake.

Karanga za jioni zile zilibaki kwenye nyasi hadi zikaota ukungu.

Desturi ni kwamba mshindi hukirudisha kikombe Julai inayofuata kikiwa kimesuguliwa kiking'aa. Ambrose alikirudisha cheusi kama sufuria. Bibi Luscombe alikipokea, akakigeuza, akafungua kinywa, akakifunga.

Ambrose akavaa kofia yake. Kumbe kunyamaza watu wa kijiji bado waliweza.