Betri Iko Chini ya Abiria

Kuna siku moja ya mvua, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, na Mungu anajua nimejaribu kuisahau. Jana ulipoleta pikipiki yako hapa kibandani kwangu Gatsata, mpya, bado inanuka duka, ukaniambia, "Mjomba, nifungie chaja ya simu, taa mbili za mbele na spika, waya moja kwa moja kwenye betri, fyuzi achana nayo," nilikujibu urudi leo. Ulidhani nimechoka. Kweli nimechoka. Magoti yananiuma, tundu la skrubu silioni bila miwani, na maneno haya nimewaambia motari wengi, ninyi mnaobeba abiria kwa pikipiki, mpaka yananitoka mdomoni bila ladha. Lakini wewe sijawahi kukuambia yote, kwa sababu yanamhusu mama yako. Kaa hapo kwenye tairi unisikilize.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa motari, naegesha Gitega, karibu na kibaraza alichokuwa akishonea mama yako. Dada yangu huyo ndiye aliyenilea. Alikuwa na cherehani ya miguu, na wateja walikuwa wakisema akianza kukanyaga ile pedali huwezi kuongea naye mpaka uzi uishe. Pikipiki yangu ya kwanza, yeye ndiye aliyenisimamia nikaipata. Kwa hiyo ukiniona namnyenyekea dada yangu mbele za watu, usicheke.

Simu ilikuwa ndiyo kazi. Mteja akipiga akakuta imezimika, amekwenda kwa mwingine. Nikamwendea mzee Kalisti, fundi umeme aliyekuwa na kibanda palepale ulipokaa wewe. Alikulia Bujumbura, Kiswahili chake alikisema polepole kama mtu anayehesabu dawa. Akanifungia chaja vizuri: waya wenye fyuzi ndogo pembeni kabisa mwa betri, ukapita kwenye swichi ya ufunguo, ndipo ukaenda kwenye usukani. Ukizima ufunguo, chaja nayo inazimika. Akaniambia, "Kijana, hii usiiguse." Nikaitikia ndiyo, mzee. Ndiyo ya vijana unaijua mwenyewe.

Sasa, mji wetu huu ni wa kupanda na kushuka. Sisi motari wa wakati ule tulikuwa na tabia yetu, na ninyi mnayo bado, usinidanganye: ukifika kwenye mteremko unazima ufunguo, pikipiki inateleza yenyewe kimyakimya, petroli inabaki. Toka Gitega mpaka Nyabugogo unashuka bila kuwasha injini. Lakini kila nikizima, chaja inakufa. Siku nzima nashuka milima, simu haijai. Halafu ile fyuzi ikaanza kuungua. Naweka nyingine, inaungua tena. Mimi badala ya kujiuliza kwa nini, nikakasirika. Nikafungua kiti mwenyewe pale kijiweni, nikauondoa waya kwenye swichi, nikaupeleka moja kwa moja kwenye betri. Mahali pa fyuzi nikakunja ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, nikaibana, nikafunga kwa mpira. Chaja ikawaka hata ufunguo ukiwa mfukoni. Wenzangu wakanisifu, na wawili wakaja niwafanyie hivyohivyo. Nilijiona fundi kuliko fundi.

Wiki ile mvua haikukatika. Asubuhi moja mama yako akaniomba nimpeleke Gatsata na mfuko wa sare za shule alizozimaliza kushona. Nikampa kofia, akakaa nyuma, mfuko mapajani. Tulipofika kwenye mteremko nikazima ufunguo kama kawaida. Injini ikanyamaza. Nilikuwa nasikia maji tu chini ya matairi.

Akanigusa bega. "Mwana wa mama, kuna kitu kinaungua."

"Ni matairi ya lori lile," nikamwambia.

Hatukwenda mbali. "Buretse, buretse," akasema, ngoja, ngoja, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Zima pikipiki. Zima!"

"Nimezima zamani, dada!"

Mwanangu, hilo ndilo neno ninalolisikia mpaka leo nikiamka. Nimezima zamani. Na kweli nilikuwa nimezima. Nikauzungusha ule ufunguo, nikauwasha, nikauzima, na moshi unazidi, kwa sababu waya nilioufunga mimi haukujua habari za ufunguo. Nikashika breki, pikipiki ikayumba, tukasimama kando ya mtaro. Kifuniko cha ubavuni kilikuwa kimeyeyuka, plastiki ya moto ikamdondokea kwenye mguu wa kulia na kumganda, na pindo la kitenge limeshika moto. Mafundi waashi waliokuwa wakijenga ukuta jirani ndio waliokuja na mchanga kwa makoleo yao. Mimi nilikuwa nimesimama na ufunguo mkononi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu, na guu likaungua la mwenzangu. Hapo ndipo methali inapouma zaidi, na hapo hawakutuambia.

Mama yako alilala hospitali. Nikaenda kumwona nikamdanganya. Nikamwambia waya wa kiwandani ulikuwa mbovu. Akanishika mkono akanipa pole. Pole, mimi! Nikatoka nje nikalia nyuma ya ukuta.

Kisha nikaisukuma pikipiki mpaka kwa mzee Kalisti. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifungua kiti, akavaa miwani, akaangalia muda mrefu. Akanionyesha mahali waya ulipochomoka kwenye kibano chake ukaingia chini ya bawaba ya kiti: kila tulipokaa watu wawili, kiti kilikuwa kinaubana na kuusugua, ngozi yake imeisha, shaba inagusa chuma. Ndiyo maana fyuzi zilikuwa zinaungua.

"Fyuzi iko inakusemesha," akasema, "wewe unaiziba mdomo."

Akaigonga betri kwa kidole.

"Betri ni yako. Lakini nani anaikalia?"

Akaendelea na kazi yake, na mimi nikabaki nimeinama. Nilikuwa motari miaka minne, na sikuwahi kuwaza hilo. Usukani ni wako, taa ni zako, simu ni yako. Betri iko chini ya mguu wa abiria.

Jeraha lilipona, lakini mguu haukurudi kukanyaga. Mama yako alikaa miezi bila kazi, kisha akaanza kujifunza pedali kwa mguu wa kushoto, kama mtoto anayejifunza kuandika. Mishono ilikuwa inakwenda upande. Mwaka ulipotimia nikashindwa kuvumilia, nikamwambia ukweli wote, karatasi ya sigara na yote. Hakuinua kichwa. Alimalizia pindo alilokuwa akilishona, akakata uzi kwa meno, akasema, "Mzee Kalisti alikuja kunitazama hospitali. Nilijua. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe." Nikaiacha pikipiki, nikaomba kazi kwa yule mzee, na kibanda hiki ndicho alichoniachia. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amezeeka nami.

Kwa hiyo nisikilize, maana sina nguvu ya kurudia. Fyuzi inakaa kwenye waya chanya, pembeni kabisa mwa betri, siyo huko mbele kwenye usukani, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Iwe ndogo kulingana na kitu unachokilinda. Ikiungua, tafuta kilichoiunguza; usiiwekee kubwa kuliko ile, wala karatasi, wala uzi wa shaba. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kila ulichoongeza kizimwe na ufunguo. Taa ziwe na rilei yake, ile swichi ndogo ya kubeba mzigo wa umeme, na waya mnene, zisinyonye umeme kupitia kamba nyembamba ya chaja. Waya usipite chini ya kiti kinapobana, wala karibu na ekzosi, wala shingoni mwa usukani ukiwa umevutwa. Ukifungua betri, ondoa hasi kwanza. Ukiirudisha, hasi iwe ya mwisho. Spika sikufungii. Betri yako ni ndogo na haikununuliwa kwa muziki, na ukinuna utanuna hapohapo kwenye tairi. Ukishuka mlima, injini iwe inawaka. Kama simu haijai, isubiri. Na siku ukinunua hizi pikipiki za umeme mtupu, usithubutu kuchomeka waya wako wowote kwenye betri yake. Nenda kwa waliosomea.

Unajua kwa nini mama yako huenda kila mahali kwa miguu au kwa basi? Ulikuwa ukifikiri ni woga wa wanawake wa zamani. Tangu asubuhi ile hajapanda pikipiki, hata ya padri. Lakini jana usiku alinipigia simu. Akasema, "Jumapili mtoto ananipeleka misa kwa pikipiki yake. Nimekubali." Kisha akasema, "Wewe iangalie kwanza." Akakata simu.

Haya, nipe hiyo spana namba kumi, tunaanza na hasi. Fyuzi utaifunga wewe, kwa mikono yako, nami nitakuangalia. Mungu akulinde mlimani na mteremkoni, mwanangu. Akupe macho ya kuona kinachosuguana kabla hakijawaka. Kila utakayembeba ashuke mzima kama alivyopanda, na Jumapili hii wa kwanza awe mama yako.