Gauni Lisilobana

Wifi yangu tunamwita Sindano kwa sababu mbili: ni mwembamba, na ukimgusa anachoma. Tunashona chumba kimoja nyuma ya soko, yeye cherehani ya dirishani, mimi ya mlangoni, katikati meza ya mpiga pasi. Kaka yangu alipomuoa niliapa hatutapikika chungu kimoja. Siku hizi nikimaliza nguo bila yeye kuikosoa, naona kama nimesahau kitu.

Mimba ilimtesa. Alitapika kila asubuhi, akatapika akinusa mafuta ya cherehani, hata maji hayakukaa. Kaka yangu ni dereva wa lori, kwake nyumbani ni kupita tu, kwa hiyo beseni nilishika mimi. Hata hivyo Sindano alijishonea gauni la ujauzito kwa ufundi wetu. Ubavuni alipiga mistari kadhaa ya uzi mwekundu, mmoja ndani ya mwingine, ili tumbo likikua afumue mmoja tu na gauni lipanuke.

Mara kutapika kukaisha. Akala, akanenepa mashavu, akarudia kunikosoa. Lakini miezi ikasogea na mstari wa kwanza haukuguswa.

"Wifi, mtoto gani huyu hataki nafasi?" nilimuuliza.

"Kafuata mama yake. Si kila mtu anazaa tembo kama wewe."

Nilicheka, ila moyo haukutulia.

Siku moja nilijimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Kabla sijanywa nikapata harufu. Harufu ile naijua, vijana wa uchochoroni kwetu huivuta kila jioni.

"Hii bangi," nikasema.

"Punguza sauti. Mimi sivuti, nachemsha tu ili nisitapike. Ubaya uko kwenye moshi, na moshi siutaki karibu na mwanangu."

"Nani kakwambia hivyo?"

Mpiga pasi akainamia suruali ambayo haikuwa na kunyanzi hata moja. Hasira zilinipanda, nikatamani kumnyoosha yeye kwa pasi yake.

"Dada, nilimwonea huruma," alisema. "Alikuwa anakwisha tunamtazama."

Na ni kweli, alikuwa anakwisha.

Kliniki Sindano aliikataa katakata. "Nikisema, watanitangaza. Watasema sifai kuwa mama." Sikuwahi kumwona mwanamke huyu akiogopa kitu. Nikamshika mkono, tukaenda.

Nesi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimlaza, akatandaza futikamba juu ya tumbo. Sindano ameshika futikamba tangu usichana; alipoona nesi anapima mara ya pili, akainua kichwa asome namba.

"Tumbo liko nyuma ya miezi yake," nesi akasema. "Kuna kitu unatumia?"

Nilitaka kusema mimi, nikauma ulimi.

"Mwanangu, mficha uchi hazai."

Basi Sindano akayatoa yote, chai, kutapika, moshi, huku akitazama dari. Nesi hakumfokea.

"Uvute, uchemshe, utafune, kwa mtoto ni kilekile. Kinapita kwenye damu yako kinamfikia. Kinaweza kumfanya azaliwe mdogo au kabla ya siku zake, na baadaye kujifunza kukampa tabu. Acha leo. Siwezi kukuahidi kila kitu, lakini kuacha leo kunamsaidia. Kutapika kuna dawa yake, ungeniambia mapema."

Alimpa vidonge vya kuzuia kutapika vinavyowafaa wajawazito na kumtaka arudi kupimwa tena. Njia nzima Sindano alilia, nami nikamwacha alie.

Majuma yaliyofuata yalikuwa magumu. Usingizi ulimpaa, kichefuchefu kikarudi ingawa si kama zamani, na ulimi wake ukatuchoma sote. Mpiga pasi alihamishia meza yake barazani ili mvuke usimsumbue, akawa anapiga pasi juani bila kulalamika. Nami kila asubuhi niliutazama ule ubavu wa gauni kabla hata ya salamu. Uzi mwekundu ulikuwa palepale.

Halafu siku moja cherehani ya dirishani ikanyamaza. Nikageuka. Sindano alikuwa amesimama, vidole vimeshika ubavu wa gauni.

"Wifi, lete wembe."

"Kuna nini?"

"Linanibana."

Nikapiga magoti mbele yake. Macho yalijaa machozi hata uzi siuoni vizuri, nikafumua kwa kupapasa.

"Utaharibu kitambaa," akaniambia, na machozi yake yakanidondokea kichwani.