Kamio ya Hippolyte Njiani Kwenda Kasongo

Kiangazi cha mwaka 1954 kilipokaribia kwisha, Hippolyte aliigeuza kamio, lori la mizigo, kuwa nyumba. Alipigilia mbao nyuma, akatandika godoro la pamba, akafunga turubai pande tatu na kuuacha mmoja wazi ili mke wake aone njia. Akapakia jiko la mkaa, sufuria, mtungi wa maji, na kuku wawili waliofungwa miguu. Kamio yenyewe ilikuwa ya Faradji, mfanyabiashara wa Kasongo aliyemwajiri kama dereva.

"Irudishe tupu, polepole," Faradji alikuwa amemwagiza. "Springi zimechoka, na mama naye hawezi kutikiswa."

Mama huyo, Anastasie, mke wa Hippolyte, alikuwa na uvimbe tumboni. Muuguzi wa Kabambare alimwita Hippolyte kando akamwambia kwamba dawa zimeshindwa, afadhali ampeleke nyumbani. Nyumbani ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma huko Kasongo, ambayo Hippolyte aliijenga kidogo kidogo kila alipopata likizo. Anastasie alikuwa ameishi ndoa yake yote katika nyumba za kambi ya wafanyakazi, ukuta mmoja na jirani, akisikia kila ugomvi wa watu. Hakuwahi kulala katika nyumba yake. Hilo tu ndilo alilolitaka sasa: kulala ndani yake, mlango umefungwa. Na ilibidi wafike kabla ya mvua, kwa sababu mvua ikinyesha, barieri za serikali, vizuizi vya njiani, hushushwa na gari lolote husimama mpaka udongo ukauke.

Mwanzo wa safari ulikuwa mzuri. Hippolyte aliendesha kwa mwendo wa baiskeli. Kwenye vijito alisimama, akachota maji, akampikia mkewe uji. Anastasie aliegemea mto akitaja vijiji alikowahi kucheza ngoma za arusi.

"Bwana yangu, unaendesha kama mutu anabeba mayai!"

"Ninabeba yai moja," Hippolyte alijibu, naye Anastasie akacheka mpaka akashika tumbo.

Kisha wakaingia katika vijiji vya ukoo wa Anastasie. Katika kijiji cha kwanza, kaka yake Dominique alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono imepanuliwa.

"Shemeji! Unataka kupita na dada yangu kama gunia ya mupunga?"

"Shemeji, tunakimbia mvua."

"Mvua? Kamio yako iko ya chumvi?"

Watu wakaangua kicheko. Mbuzi akachinjwa. Mkwe hakatai chakula cha wakwe zake, hata akiwa na mvi kichwani. Hippolyte aliketi, akala, akatazama mawingu yaliyokusanyika upande wa mto. Neno moja lingetosha kuwaondoa pale. Lakini kumtamka mtu aliye hai kuwa anakufa, tena mbele ya ukoo wake, ni kama kukiita kifo chenyewe kije. Na mume anayelisema huulizwa amelijua vipi, kana kwamba ndiye aliyeroga. Alichukua kipande kingine cha nyama. Walilala huko, wakalala tena. Katika kijiji kilichofuata palikuwa na shangazi, aliyeloweka mihogo kwa ajili yao. Katika cha tatu palikuwa na binamu. Kila mahali Anastasie alishushwa, akabusiwa, akalishwa sombe, mboga ya majani ya mihogo, ambayo hakuweza kuimeza. Kila mahali walimwambia amekonda kwa sababu ya chakula cha kambini.

Mvua iliwakuta walipopita Lusangi. Haikuwa manyunyu. Walipofika kwenye barieri, mti ulikuwa umeshushwa na kufungwa kwa mnyororo, na mlinzi, kijana aliyeitwa Amisi, alikuwa amejikunja kibandani.

"Fungua, ndugu yangu."

"Shofere, unajua sheria. Na ufunguo haiko hapa, iko kwa chefu wa kijiji. Lala."

Mvua haikukatika siku hiyo, wala iliyofuata. Ya tatu, Anastasie alikataa hata maji. Hippolyte aliingia kibandani amelowa.

"Muke wangu anakufa," alisema.

Amisi, aliyekwisha kusikia habari za karamu zile, alisimama. "Anakufa? Kwa nini hukusema kule kwa ndugu zake? Barieri inafunga gari, haifungi miguu. Wangemubeba kwa kipoyi, wanaume wanane, wakibadilishana. Angekuwa amefika."

Hippolyte hakuwa amefikiria kipoyi, machela ya kubebwa begani. Alikuwa dereva, alifikiria magurudumu tu.

Amisi alikimbia mwenyewe kwa miguu kwenda kwa Dominique. Hippolyte alipanda nyuma ya kamio. Anastasie alikuwa macho.

"Nimesikia," alisema. "Nyumba ile, mulango inatazama wapi?"

"Inatazama barabara."

"Vibaya. Vumbi itaingia."

"Nitafungua mwingine nyuma."

"Fungua," alisema. Alikata roho kabla ya jua kuzama, turubai likivuja karibu na miguu yake.

Dominique na wenzake walifika kesho yake asubuhi, matope hadi magotini, kipoyi tupu begani. Dominique hakulia kwanza. Aliuliza.

"Shemeji, ulipokaa kwangu unakula mbuzi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sisi tulikuwa tunacheka, na wewe unajua."

Hippolyte aliinama, akaanza kulifungua turubai.

"Basi anarudi kwetu," Dominique alisema. "Kasongo hana mutu."

Walimfunga kwa mkeka wakamwinua. Hippolyte aliwafuata kwa miguu, akamzika pamoja nao, akakaa matanga yote kwenye kona waliyomwonyesha. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemwita shemeji.

Njia ilipokauka, Amisi alifungua mnyororo. Hippolyte alifika Kasongo jua likiwa juu, akapita mbele ya nyumba yake bila kupunguza mwendo, akaisimamisha kamio uani kwa Faradji, akaomba mzigo.

"Mzigo gani, katika masika haya?" alishangaa Faradji, aliyekwisha kusikia msiba. "Pumzika kwanza. Nyumba unayo."

"Wowote," alisema Hippolyte.

Nyumba ilipangishwa kwa mwalimu wa misheni. Mwalimu aliwahi kumuuliza kama anaweza kutoboa mlango nyuma, kwa sababu ya vumbi. Hippolyte alimwambia afanye anavyotaka. Yeye alilala katika kamio, juu ya mbao zile zile, masika hayo na mengine yaliyofuata.