Nge Anaondoka Saa Tano

Mama yangu hakuogopa kisu cha daktari. Aliogopa nge. Simsemi mdudu wa chini ya mawe, naisema nyota ambayo mwezi huipitia siku mbili na kitu kila unapozunguka. Kwa watu wa kwetu siku hizo hakuna kuoa, hakuna kuhama nyumba, wala hakuna kutoka kwenda kwenye jambo kubwa. Kwa ajili hiyo alikwishakosa miadi miwili ya hospitali. Jicho la kulia lilikuwa limezibwa kabisa na mtoto wa jicho na la kushoto lilikuwa njiani. Daktari aliniambia mimi, si yeye, kwamba akiikosa na ya tatu atarudi mwisho wa foleni. Foleni ile ni ya miezi, na macho yale hayakuwa na miezi.

Nilikuwa nimerudi Maskati kwa ajili hiyo tu. Mimi sikai mahali. Nimeuza vipuri Dubai, nimeuza matairi Mombasa, nimeishi Dar es Salaam kwenye chumba kisicho na dirisha na nikakipenda. Nikichoka hurudi nyumbani kwa mama, mtaa wa Ansab, nikalala chumba kile kile, nikanusa udi ule ule, nikawa tena mtoto wa Unguja wa miaka tisa aliyeshushwa uwanja wa ndege na kikapu mkononi. Safari hii sikuja kunusa udi. Nilikuja kumpeleka mama hospitali, na sikukusudia kushindwa na nyota.

Hesabu ya nge mama aliirithi kwa baba yake, katika daftari jembamba lililoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kila mwezi wa jua una mstari wake, na mstari unasema nge anaingia tarehe ngapi za mwezi mwandamo. Zamani alilifungua mwenyewe. Mwaka huu hakuweza tena kusoma hata msahafu wake wa maandishi makubwa, basi akanipa mimi.

"Nisomee Julai, baba."

Miadi ilikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi, tarehe kumi ya mwezi mwandamo. Nikafungua. Mstari wa Julai ulisema nane, tisa na kumi.

"Nane na tisa," nikasoma, nikafunga daftari.

"Basi?"

"Basi. Jumatano imetakata."

Nikaenda kupiga pasi kanzu yangu, nimeridhika na nafsi yangu kabisa.

Nilichokosea ni kumsahau mtoto wa dada yangu. Anasoma chuo na anakaa kwa bibi yake, na ana mambo yake ya mwezi aliyoyapata kwenye simu, kwa wasichana wa nchi za mbali wanaojiita wachawi bila ya kuona haya. Mwezi ukiandama anaandika anachokitaka kwenye karatasi. Ukipevuka anaichoma karatasi, na anaacha chupa ya maji sutuhini, juu ya nyumba, yapate mwanga. Ukipungua anaacha tabia mbaya, au anasema anaacha. Nilipofika tu nilikuta vita vya chupa.

"Maji ya nini haya?" mama alimuuliza.

"Ya mwezi, bibi. Nnanawia uso."

"Unanawia uso au unamroga mtu?"

"Nimroge nani? Hao wanaokuja kuniposa wenyewe wanatisha."

"Uchawi huo! Tena uchawi wa simu, hata ubani hauna."

"Na nge wako?"

"Nge ni falaki. Ilimu ya nyota hiyo. Usinichanganyie."

Nilicheka sana siku ile. Sikufikiria kwamba hao wawili walikuwa wanatazama mwezi mmoja.

Jumanne alasiri tulikuwa sebuleni, kiyoyozi kinanguruma, mama akamwita mjukuu wake akae karibu.

"Hebu tazama simu yako hiyo ya uchawi. Mwezi uko wapi kesho?"

Msichana akatazama, akanionyesha kioo kabla ya kujibu. Palikuwa na picha ya nge, mkia juu.

"Uko kwenye nge, bibi. Mpaka kesho saa tano asubuhi."

Mama akanigeukia. Jicho lile la kushoto, lililokuwa halioni mbali kuliko kikombe chake, likanipata.

"Umeiruka kumi," akasema. "Baba yangu hakuandika hivyo. Na wewe ukisema uongo husoma mbio, tangu mdogo."

"Mama, macho yako..."

"Macho yangu nayajua. Mimi kesho siendi."

Hapo ndipo nilipoona miadi imepotea. Ningeweza kugombana naye mpaka usiku na asiuvuke mlango. Lakini msichana alikuwa bado anatazama simu yake.

"Bibi, nge anaondoka saa tano. Si siku nzima. Daftari lina siku tu, simu hii ina na saa. Saa tano na dakika moja ungetoka?"

Mama akafikiri. "Ikiwa kweli kaondoka, kwa nini nisitoke?"

Nikapiga simu hospitali. Aliyepokea alikuwa muuguzi, na niliposikia Kiarabu chake kina lafudhi ya kwetu nikaingia Kiswahili moja kwa moja. Nikaanza kutunga habari ya gari bovu. Akanikatiza.

"Kaka, mama ana nge?"

"Ndiyo," nikasema.

"Ungesema tangu mwanzo. Mama yangu mimi alinicheleweshea harusi yangu, shekhe kakaa anasubiri. Nikimweka wa mwisho, saa saba, atakuwa keshaondoka huyo nge?"

"Anaondoka saa tano."

"Basi mlete saa sita. Na asile."

Jumatano mama alikaa kwenye kiti karibu na mlango, kavaa baibui, mkoba mapajani. Gari lilikuwa linanguruma nje kwenye jua. Msichana alisimama na simu akihesabu dakika kwa sauti, na mama akimwambia asiruke hata moja kama mjomba wake. Ilipotimia akanyanyua mguu wa kulia, akasema bismillahi, akavuka.

Garini akaniambia, bila ya hasira:

"Unajua wewe hujapata kuondoka katika nge hata mara moja? Ule mwaka wa Dubai nilisema nna homa. Mombasa nikataka unipeleke Yiti, pwani, kwa samaki. Ulidhani kweli nilikuwa na hamu ya samaki?"

Nilikuwa najisifu miaka yote kwamba naondoka nikitaka.

Jicho la kulia lilipasuliwa salama. La kushoto lilipangiwa baadaye. Bandeji ilipoondolewa alitazama mikono yake, kisha nywele zangu. "Umeota mvi," akasema. Jioni hiyo chupa ya sutuhini niliikuta imefunikwa sahani ili vumbi lisiingie, na msichana aliapa si yeye.

Kisha mama akaomba daftari. Akalifungua kwenye Julai, akapitisha kidole, akasoma mwenyewe, polepole: nane, tisa, kumi.

"Na wewe unaondoka lini?"

Nikamwambia nadhani Septemba, baada ya jicho la pili.

Akalamba kidole, akafunua ukurasa.