Toleo la Kiangazi

Kwa miaka ishirini na mbili Enid Thayer ndiye aliyekuwa akilitoa jarida la kanisa la Corbin Mills, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukosea tarehe. Alipenda kulisema hilo mwenyewe, na watu walimwacha aseme, maana kazi hiyo hapakuwa na mwingine aliyeitaka. Kurasa nne kila mwezi: wa kwanza barua ya Mchungaji, wa pili habari za waumini, wa tatu na wa nne shughuli zijazo. Alikuwa mjane, karani mstaafu wa shule, mwembamba, mkali wa nukta na mikato, na mezani kwake kalamu zilipangwa kwa urefu.

Kanisa lenyewe ni la watu wa aina yake. Kuna wanaomwamini Mungu, kuna wasiomwamini, na kuna waliokaa miaka arobaini wakisema bado wanalifikiria. Hakuna anayemhukumu mwenzake wala kumchungulia mambo yake. Huo ndio uzuri wao, na ndio uliowaponza.

Kila Jumapili kabla ya mahubiri huwa na wakati wa furaha na huzuni. Mwenye jambo husimama, huwasha mshumaa mdogo pale mezani na kulisema: mjukuu kazaliwa, goti limepasuliwa, paka kafa. Asiyetaka kusema huwasha kimya akarudi kukaa, na wenzake huheshimu kimya chake. Tangu mwezi wa pili mwaka ule, Orrin Batchelder alikuwa akiwasha kimya. Alikuwa fundi mitambo wa zamani wa kiwanda cha sufu, mzee wa mikono mikubwa na maneno machache. Zamani alikuja na mkewe Hester. Sasa alikuja peke yake, na wimbo wa mwisho ulipoisha alikuwa tayari yuko mlangoni na kofia mkononi, wenzake wakijimiminia kahawa.

Jumapili kumi na saba. Enid alizihesabu kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika, na kila mwezi aliandika: mshumaa mmoja uliwashwa kimya.

"Hivi Hester anaendeleaje?" alimuuliza Mchungaji Tamsin siku moja jikoni, wakikausha vikombe.

"Nasikia kumbukumbu zimemtoka kabisa. Lakini Orrin mwenyewe hajataka kusema, Enid. Tumpe nafasi yake."

"Nafasi gani, Tamsin? Si ataanguka huyo mzee wa watu!"

"Akituhitaji atatuambia."

Enid akachukua kikombe kingine, akakikausha. Mwezi wa tatu alikuwa amepeleka supu nyumbani kwao, Orrin akaipokea kizingitini, akasema asante, akafunga mlango. Kugonga tena bila kuitwa kulimwia vigumu. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo walivyolelewa wote pale.

Katikati ya Juni kanisa hufungwa. Walianza hivyo tangu enzi za babu zao, waliokimbilia ziwani joto likianza, na hakuna aliyewahi kuuliza kama bado kuna haja. Miezi miwili na zaidi hakuna ibada, na Mchungaji yuko likizo. Wenyewe hutania kwamba Mungu, kama yupo, naye yuko ziwani anavua samaki. Ndiyo maana toleo la kiangazi ni refu kuliko mengine yote: mikesha ya amani kila Ijumaa uwanjani, wasomaji wa vitabu bustanini kwa Lois, siku ya kupaka rangi uzio, halafu ibada ya maji mwezi wa Septemba. Chini kabisa, ndani ya kisanduku, kuna tangazo: ukipatwa na shida wakati wa mapumziko, piga simu kwa kamati ya kutunzana. Kisha namba.

Enid alilichukua toleo la mwaka uliopita, akabadilisha tarehe moja baada ya nyingine, akazikagua mara mbili. Namba ya simu si tarehe. Aliipita.

Namba hiyo ilikuwa ya Doreen Sayles, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Baada ya Pasaka Doreen alihamia Arizona kwa binti yake. Walimuaga kwa keki, na Enid mwenyewe akaiandika habari hiyo katika ukurasa wa pili. Nyumba ilibaki inauzwa, simu haikukatwa, na ufunguo akaachiwa Enid. Siku ya keki Orrin hakuwepo, na jarida lenyewe siku hizo alikuwa halisomi zaidi ya kile kisanduku cha chini.

Agosti tarehe tisa, mchana wa jua kali, Orrin alipitiwa na usingizi kitini baada ya kukesha siku mbili. Hester akatoka nje kwa mlango wa jikoni, na gauni la kulalia na viatu vya mumewe. Walimkuta saa kumi na moja jioni kwenye bwawa la kiwanda, amelala kifudifudi penye majani.

Mchungaji alikatiza likizo akaja kuzika. Watu walijaza meza ya Orrin vyakula, naye hakuonja hata kimoja wala hakumtazama mtu usoni.

"Kwa nini asituambie?" Lois alimnong'oneza Enid wakiosha sahani. "Angesema neno moja tu. Tungekaa na Hester kwa zamu, kweli kabisa."

"Angesema tu," Enid akaitikia, na wakati huo aliamini anachokisema.

Siku tatu baadaye alikwenda nyumbani kwa Doreen kumfungulia dalali. Alifika mapema. Kwenye kimeza cha simu, taa nyekundu ya mashine ya kupokea ujumbe ilikuwa ikiwaka na kuzima. Akabonyeza.

"Doreen, ni Orrin Batchelder hapa. Samahani kwa usumbufu. Nauliza kama kuna mtu anaweza kukaa na Hester mchana mmoja, mimi nilale kidogo. Si haraka."

Wa pili ulikuwa vilevile. Katika wa tatu akasema anajua watu wako mapumzikoni. Katika wa tano, nyuma ya sauti yake, mwanamke alisikika akiita, "Orrie! Orrie, chai yangu iko wapi?" na Orrin akacheka kidogo, akasema, "Nakuja, mama, nakuja." Wa saba ulikuwa wa Agosti saba. "Basi," alisema. "Nimeelewa."

Enid alikaa sakafuni na koti lake. Aliogopa, na tusimpambe: hakuogopa kwa ajili ya Hester wala Orrin, aliogopa kwa ajili ya jina lake, Enid Thayer asiyekosea. Kidole kikaenda kwenye kitufe cha kufuta, kikakikandamiza mpaka taa ikazimika. Dalali akapiga hodi. Enid akainuka, akamwonyesha vyumba, mpaka na kabati la mashuka.

Wiki nne hakulala vizuri. Kilichomtafuna hakikuwa tena kugundulika. Ni kwamba Orrin aliamini watu wote walimsikia, wakakaa kimya. Angeingia kaburini na imani hiyo. Duniani kote ni Enid peke yake aliyeweza kumwambia kwamba si kweli, na kumwambia ilikuwa ni kujitaja.

Ibada ya maji ilifika. Kila mtu huleta maji kidogo kutoka alikokuwa kiangazi, akayamimina kwenye bakuli moja kubwa na kutaja yametoka wapi.

"Ya ziwani kwetu, kama kawaida."

"Ya bahari, Maine."

"Ya Ireland," alisema Lois. "Nimeyapitisha forodhani ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi." Watu wakacheka.

Ndipo Orrin aliposimama kutoka benchi la nyuma. Hakuna aliyetegemea angekuja. Alitembea na chupa ya jamu mikononi, maji yake ya kahawia.

"Ya bwawa la kiwanda," alisema, akayamimina yote. "Niliwapigia simu mara saba. Leo ni mwisho wangu kuja hapa. Nilitaka tu mjue kwamba najua mlinisikia."

"Asante, Orrin," Mchungaji akajibu kwa mazoea, kama alivyowajibu wote, kisha uso wake ukaiva kwa aibu.

Enid alijikuta amesimama.

"Hawakukusikia," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Ile namba ilikuwa ya Doreen, na Doreen alikwisha kuhama. Mimi ndiye niliyeiacha kwenye jarida. Simu ilikuwa inalia kwenye nyumba tupu, Orrin. Hakuna hata mmoja aliyekusikia."

Watu wakainuka, wakamzunguka. Wakamzunguka Enid! "Usijilaumu, jamani." "Ungejuaje?" "Ni kosa la kibinadamu, njoo hapa mpenzi." Lois akatoa leso. Watu hao wasiomhukumu mtu walikuwa wamekwisha kumsamehe kabla ya mfiwa kufungua mdomo, na mfiwa mwenyewe alikuwa kasimama peke yake kando ya bakuli, na chupa yake tupu. Ingefaa awepo mtu mmoja wa kuwapigia kelele siku ile. Hakuwepo.

Enid alijichomoa mikononi mwao. Wakakutana kwenye benchi la mbele, Orrin akaketi kwa uzito.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Mchungaji naye?"

"Hakujua."

Mzee alipumua kwa muda mrefu, mabega yakamshuka. "Nilidhani mlikaa mkajadili," alisema. "Nilidhani mlisema, huyu mzee anatusumbua. Hester aliwapenda sana ninyi, Enid. Nilikuwa naona aibu kwa niaba yake." Akaweka mkono wake mkubwa juu ya wa Enid. "Umefanya vizuri kusema. Ningekufa na chuki bure."

Enid akalia. Alilia kwa nafuu, akiamini kwamba yameisha.

"Basi maneno yangu yamo humo kwenye mashine," Orrin akaendelea taratibu, kama mtu anayehesabu siku. "Kuna siku aliniita nikiwa kwenye simu. Aliniita kwa jina. Miezi miwili alikuwa hajui mimi ni nani, ananiita daktari, ananiita kaka. Siku ile akanijua. Sina sauti yake popote, Enid. Hatukuwa watu wa kujirekodi. Hiyo kanda, nakuomba, niletee."

Enid aliutazama ule mkono juu ya wake.

"Nilifuta," alisema.

"Ulifuta nini?"

"Zote. Niliogopa, Orrin. Nilizisikiliza, kisha nikazifuta."

Mkono ukaondoka. Orrin akainuka. Alichukua kofia yake, akapita katikati ya watu waliokwisha kushika vikombe vya kahawa, na pale mlangoni mmoja wao akamgusa bega, akamwambia kwa upendo wa kweli kwamba wapo kwa ajili yake saa yoyote, apige simu tu.