Kitabu Kilichomkimbiza Mama Mkwe

Mwalimu wa misheni aliweka vitabu viwili mezani nichague cha kusomea nyumbani: Agano Jipya la Kiswahili cha pwani, na Injili ya Kimachame, lugha ya majirani ambayo sisi Wameru tunaielewa bila kukuna kichwa. Kabla sijajibu akanisukumia cha Kiswahili.

"Wewe umesoma, mama. Hicho kingine ni cha bibi zetu."

Siku hizo Kiswahili huku mlimani kilikuwa lugha ya askari wa Wajerumani. Kilipanda kutoka boma la Arusha, kikasimama mlangoni kikitaka wanaume wa kubeba mawe. Mgongo wa mume wangu ulikuwa bado na vidonda vya kiboko.

Kesho yake nikakaa ndani nikasoma kama tulivyofundishwa shuleni, kwa sauti ya juu. Neno nisilolijua ndilo nililolipigia kelele zaidi. Mama mkwe alikuwa nje akimenya ndizi, mwanangu mgongoni kwake. Nilipotoka nilikuta kisu chini. Watu hawapo.

Nikaita. Nikaingia migombani, nikaita tena. Mvua ilikuwa imepiga juu mlimani, na mfereji wetu ulikuwa unanguruma.

Nikawakuta humohumo mferejini, maji yanamfika mama mkwe kiunoni, amemkumbatia mtoto na kumziba mdomo kwa kiganja. Mtoto macho yamemtoka.

"Mwachie, mama! Mwachie apumue!"

"Ameondoka?"

"Nani?"

"Askari. Nimemsikia ndani anakufokea. Amekutuma utuite?"

"Nilikuwa nasoma! Neno la Mungu!"

Akanitazama. "Kwani Mungu wako naye anatoka bomani?"

Nikamnyang'anya mtoto. Alikaa kimya muda ambao mpaka leo siupendi kuukumbuka, kisha akakohoa, akalia.

Mchana uleule nikamrudia mwalimu, tope miguuni. Shikamoo sikumpa.

"Nataka cha Kimachame."

Akacheka. "Maneno magumu yamekushinda?"

"Mwanangu nusura afe kwa ajili ya hiki. Kaa nacho wewe, msomi."

Akanisukumia cha Kimachame.

Jioni nikasoma kwa sauti ya kawaida, kila neno nikilielewa. Mama mkwe alikaa karibu na mlango, mtoto amemfunga mgongoni tayari kwa kukimbia.

"Soma," akasema. "Ila taratibu, nisikie na anayekuja nje."