Diski za Mbele za Gari la Mama Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ngoma ya breki ya lori niisafishe, nami sikujua ni kitu gani. Nilidhani ni sufuria. Ilikuwa karakana ya magari ya serikali, Mocímboa da Praia, mji wetu wa pwani, miaka ya mwanzo baada ya uhuru kutoka kwa Wareno. Mafundi wa Kireno walikuwa wameshaondoka, na vifaa vingi vilibaki bila mtu wa kuvitaja majina. Mkuu wa karakana, mtu mfupi aliyejifunza kazi kwa kuwashikia Wareno taa, alikuja akasimama nyuma yangu.

"Hicho ulichoshika kinafanya nini?"

"Sijui, mestre."

"Vizuri. Wanaosema wanajua ndio wanaonichelewesha."

Mestre ndivyo tulivyomwita kila fundi, na mpaka leo mimi naitwa hivyo. Mchana ule akanieleza. Ngoma ni bakuli zito la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna viatu viwili vilivyobandikwa bitana ngumu. Dereva akikanyaga, viatu vinatanuka, vinasugua ukuta wa bakuli, na gari linapunguza mwendo. Kazi yangu kwa muda mrefu ilikuwa kusafisha vumbi la bitana, na ndugu zangu, nawaambia vijana wa leo msilivute vumbi lile. Sisi hatukuambiwa.

Kutoka hapo nikahamishiwa Mueda, juu kwenye uwanda wa Wamakonde. Malori yalipanda matupu na kushuka na mahindi na korosho kuelekea Awasse, na mteremko ule ndio uliokuwa mwalimu wangu wa pili. Wa kwanza huko alikuwa msimamizi wa usafiri. Huyu hakuwa fundi, alikuwa dereva wa zamani aliyepandishwa cheo, lakini breki alizijua kwa nyayo. Siku moja lori lilifika chini breki zimekwisha kabisa, dereva ameliingiza kwenye kichaka cha mianzi ili lisimame. Tulipolivuta, nikamwambia msimamizi kwamba bitana bado ni nene na mafuta ya breki yapo, sijui ubaya uko wapi.

Akasema, "Gusa ngoma."

Nikasogeza kiganja, nikakirudisha kabla hakijafika.

"Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto," akasema. "Joto likikosa pa kutokea, breki huna, hata kama kila kitu ni kipya."

Tangu siku hiyo aliwaamuru madereva wasimame katikati ya mteremko, wapumzike, ngoma zipoe. Walinung'unika, lakini walisimama.

Nilipohamia Palma, mji wa pwani karibu na mto Ruvuma, nilikuwa na mvi. Habari za gesi iliyopatikana chini ya bahari zilikuwa zimeshaingia kila nyumba, na mji uliokuwa ukijuana wote ukaanza kujaa wageni wa kupima ardhi, wa kujenga barabara, wa kuandika watu. Wageni walikuja na magari, na mfanyabiashara mmoja kutoka Nampula akafungua gereji kubwa kando ya barabara ya kuingilia mjini. Akaniajiri kwa sababu nilikuwa na jina la malori. Lakini magari yaliyoingia pale mengi hayakuwa malori. Yalikuwa magari madogo, na breki zao za mbele hazikuwa ngoma, zilikuwa diski.

Diski ni sahani ya chuma iliyo wazi, inayozunguka na gurudumu. Juu yake imekaa kalipa, kifaa kama mkono uliokamata sahani pande zote mbili. Ndani ya kalipa kuna pistoni, na pistoni inasukuma pedi zinazoibana diski. Nilizifahamu kwa juujuu tu. Aliyenifundisha vizuri ni mhandisi wa gereji ile, binti wa Beira tuliyemwita Enjenyera, yaani mhandisi kwa Kireno. Umri wake ulikuwa wa mwanangu wa pili. Kiswahili chake kilikuwa kinaanza na Kireno changu kilikuwa kinaishia, kwa hiyo tulikutana katikati, na mikono ikamalizia maneno.

Sasa niwaeleze gari lenyewe. Mke wangu, Mama Zuhura, alijifunza kuendesha akiwa tayari ni bibi wa wajukuu. Alikuwa akipika na kuuza chakula pale sokoni, na kambi ya wajenzi wa barabara ilipowekwa ng'ambo ya kijiji cha Mute, akapata kazi ya kuwapelekea wali na samaki kila mchana. Kwa mapato yake akanunua gari la familia la milango mitano, usukani kulia, lililokwishatumika na watu wengine nchi za mbali. Gari lilikuwa lake. Nasema hivyo kwa sababu watu walilisifu kwa jina langu, naye hakupenda. Nyuma walikaa Zuhura, binti yetu, na wasichana wawili wa jirani waliomsaidia kupakua, masufuria yakiwa miguuni mwao.

Jioni moja akaniambia, "Baba Zuhura, usukani unatetemeka nikikanyaga breki. Nikiachia, unatulia."

"Na mguuni unasikia nini?"

"Kama kitu kinanipiga kwa chini, taratibu."

Usukani unaotetemeka wakati wote, tazama magurudumu. Unaotetemeka kwenye breki tu, tazama diski za mbele. Kesho yake nilivua magurudumu pale gerejini. Diski zilikuwa zimelika katikati na kubakiza ukingo mkali pembeni, na upande wa ndani chumvi ya Ghuba ya Tungue ilikuwa imetafuna chuma vidondavidonda. Enjenyera akapita.

"Mestre, unafikiri kufanya nini?"

"Nizipeleke Pemba zikachongwe. Ngoma za malori tulikuwa tunazichonga zinarudi laini." Pemba hii ni makao makuu ya jimbo letu, si kile kisiwa.

"Pima kwanza."

Akanipa pakimetro, kipimo chenye taya cha kupimia unene. Akanionyesha maandishi madogo yaliyopigwa kwenye kitovu cha diski: unene wa chini kabisa, ambao diski ikiufikia haifai tena. Hizi zilikuwa zimeufikia. Kuzichonga kungekuwa kuzimaliza. Kisha akainama kando yangu akapitisha kidole ubavuni mwa diski.

"Unaona matundu haya? Hizi ni sahani mbili zilizoshikana, katikati kuna njia za upepo. Gari likienda, joto linatokea humu."

Nikamsimulia malori ya Mueda na kichaka cha mianzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza madereva walikuwa wakisimama sehemu gani, akasema, "Basi joto unalijua. Hapa ni joto lilelile, ila halijafungiwa ndani ya bakuli."

Diski mpya Palma hazikuwepo. Enjenyera akaagiza Pemba, zije kwa basi. Lakini siku ileile muuza vipuri wa sokoni akaja na mbili mkononi, zilizovushwa Ruvuma kutoka Mtwara. Matundu ya bolti yalikuwa sawasawa, na upana ulikuwa karibu uleule. Nikaiweka moja kwenye kitovu ikakaa. Nikarudisha kalipa ikaingia. Nikafunga gurudumu likazunguka bila kugusa popote. Tofauti ilikuwa moja: zilikuwa sahani tupu, nyembamba, zisizo na njia za upepo.

Mwenye gereji akatoka ofisini. "Imeingia?"

"Imeingia."

"Basi funga gari litoke. Magari ya kampuni yanasubiri nafasi hiyo."

Nikamtazama Enjenyera. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba yeye asingezifunga. Kalipa ile ilitengenezwa kwa diski nene. Kwa diski nyembamba pistoni itatoka mbali zaidi kila pedi zinavyolika, na ikitoka kupita kiasi, mafuta yatamwagika na breki itakwisha mara moja. "Lakini gari si langu," akasema, "wala si lako, mestre."

Nikampigia simu Mama Zuhura. Alikuja na aproni yake ya jikoni, mikono inanuka vitunguu. Nikaziweka diski mbili juu ya pipa, ya zamani na ya sokoni, nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Alizibeba moja moja kuona uzito.

"Hii nyembamba itasimamisha gari?"

"Itasimamisha."

"Sasa shida iko wapi?"

"Mara ya kwanza itasimamisha vizuri. Lile bonde kabla ya kambi, gari limejaa, umekanyaga breki juu mpaka chini, hapo sina hakika. Na zikianza kuchakaa, hakika itapungua zaidi."

"Na hizo za Pemba zitafika lini?"

"Sijui."

Mkuu wa kambi, mtu wa Maputo, alikuwa amemwambia wazi tangu mwanzo kwamba chakula kisipofika mchana mmoja, kesho yake atatafuta mpishi mwingine. Kulikuwa na Bi Atija, mpishi wa upande wa pili wa soko, aliyekuwa na pikapu ya kukodi na hamu kubwa ya kambi ile. Mwenye gereji alikuwa bado amesimama pale. Nilitamani aseme zifungwe, ili kazi yake isipotee, na nilitamani aseme zisifungwe, na sijui ni lipi nililolitamani zaidi.

"Mle nyuma anakaa Zuhura," akasema. "Vua. Gari likae."

Nikarudisha diski ya zamani, na mwenye gereji akaagiza lisukumwe nje, likakaa chini ya ukuta, magurudumu yakizuiwa kwa magogo. Mama Zuhura hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Atija. Baadaye Zuhura alinisimulia jinsi walivyoketi barazani, mama akasema, "Gari langu halina breki. Ukitaka kambi nzima utaipata, siwezi kukuzuia. Nakuomba upeleke chakula changu pamoja na chako mpaka nitengeneze." Bi Atija akauliza kwa nini asifunge zile za sokoni kama watu wengine wote. Mama Zuhura akajibu, "Nimeambiwa nisichokipenda na mtu anayejua." Bi Atija akacheka, akakubali kumbebea chakula cha nusu ya kambi. Nusu nyingine ikawa ya Bi Atija mwenyewe.

Nyumbani siku zile tulizungumza kidogo. Si ugomvi. Alikuwa akiamka, anapika sufuria chache kuliko alizozoea, anakaa. Siku moja akasema, "Nimeolewa na fundi na natembea kwa miguu," akaendelea kuchambua mchele. Boksi la Pemba nalo likachelewa. Pale Awasse, ambapo barabara ya Mueda inaachana na ya pwani, mzigo ulihamishiwa kwenye basi lisilo lake, ukapanda Mueda, ukakaa huko mpaka mtu akasoma jina lililoandikwa juu yake.

Ulipofika, Enjenyera aliniachia kazi yote akakaa juu ya tairi kutazama. Nilifuata utaratibu aliokuwa amenifundisha. Nililegeza nati gari likiwa chini, nikainua, nikaweka stendi, kwa sababu jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu mwenye watoto. Nikafungua kalipa nikaining'iniza kwa waya, isivute mpira wa mafuta. Diski kuukuu ya upande wa pili, niliyokuwa sijaivua, ilikuwa imegandana na kitovu kwa kutu, nikaigonga kwa nyundo ikaachia. Kitovu nikakisugua kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa, kwa maana kutu ikibaki chini ya diski mpya, itakaa upande na usukani utatetemeka upya. Diski mpya huja zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Nikayafuta yote. Nikabadilisha za kulia na kushoto kwa pamoja, na pedi mpya zote, wala usikubali mtu akwambie ubadilishe upande mmoja. Kisha nikamwita Mama Zuhura akae kwenye usukani.

"Kanyaga, achia. Tena. Tena."

"Inazama."

"Endelea."

Akakanyaga mpaka pedali ikawa ngumu chini ya mguu wake. Gari lisisogezwe hata kidogo kabla ya hapo.

Diski mpya zinataka kuzoeshwa, kwa breki za taratibu bila kusimama kabisa, halafu zipewe nafasi ya kupoa. Tukatoka njia ya Mute, yeye anaendesha, mimi kando yake. Ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kupanda gari lile akiliendesha. Miaka yote hiyo nililijua kutoka chini. Alikuwa dereva mtulivu. Alimwona mbuzi kabla yangu, alimpisha mtu wa baiskeli kwa kuachia mafuta tu. Tulipofika kwenye bonde alikanyaga juu, akaachia, akakanyaga tena kwa wepesi, gari likashuka kama linatembezwa. Nilikuwa nimeshika mlango. Nikauachia.

"Limetulia," akasema.

"Nani alikufundisha kuachia katikati?"

"Hakuna. Nilikuwa nasikia linachoka."

Kambi haikumrudishia nusu yake. Mkuu wa kambi alizoea wapishi wawili, na Bi Atija alikuwa mpishi mzuri, lazima niseme. Baada ya muda pikapu ya kukodi ikarudi kwa mwenyewe, na wanawake wale wawili wakawa wanapakia gari moja, wanagombania nafasi ya masufuria njia nzima. Enjenyera alihamishwa na kampuni iliyokuwa imemtuma gerejini kwetu. Mimi nilistaafu macho yalipokataa kusoma maandishi madogo kwenye kitovu, maana fundi asiyeweza kusoma kipimo cha chini asifunge diski za mtu.

Sasa tunaishi Pemba kwa Zuhura. Mambo ya vita yaliyoipata Palma baadaye wengine watayaeleza. Vijana wa gereji ya mtaani huja kuniuliza ni diski ipi nzuri, nami nawauliza gari linabeba nani na linapita wapi. Wengine hukasirika, wanataka jina la aina. Nawaambia wachukue ya zamani, wapime upana, unene, kimo cha kitovu na matundu, waangalie kama ina njia za upepo, kisha wamweleze mwenye gari ukweli wote, hata ule unaomfukuza mteja.

Mwaka juzi nilimuuliza Mama Zuhura kama alijuta kupoteza nusu ya kambi. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua kichwa.

"Nilikuuliza zitafika lini, ukasema hujui," akasema. "Mwanamume mwingine angesema kesho."

Akanisogezea kizio kingine cha nazi nikishike.